Nasaha kwa Majeruhi wa Mashambani

Wakubwa wetu husema ajali haina kinga, na kauli hii, ambayo nimeisikia matangani, wodini na kando ya barabara mara zisizohesabika, ni kweli kwa upande wake mmoja, kwani hapana mwanadamu aijuaye saa ambayo nazi itakatika kileleni au breki ya lori itakataa kushika. Lakini nimeona pia kauli hiyo ikitumiwa mahali pasipo pake. Mtu avunjwapo mguu na gari lililokuwa likienda mbio usiku bila ya taa, jamaa huja, huinamisha vichwa, husema ni kudra ya Mungu, hunywa kahawa, kisha kila mmoja hurejea kwake. Na majeruhi hubaki kitandani na mguu uliounga kombo, na deni la dawa, na watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ilhali sheria ya nchi ilikwisha kumwekea haki yake kabla hajazaliwa. Kuridhika na kudra hakumwondolei dhima aliyekosa. Dini ile ile iliyotufundisha subira ndiyo iliyotufundisha habari ya dia na fidia, na sioni kwa nini tushike nusu ya mafunzo tuache nusu.

Mimi si wakili. Ni mtu niliyekaa miaka mingi katika Kaunti ya Kwale nikiwaandikia jirani zangu barua na kufuatana nao vituoni, hospitalini na mahakamani, na katika safari hizo nimeonyeshwa jambo moja ambalo ndilo sababu ya kuandika makala haya: haki ya majeruhi aghalabu haipotei mbele ya hakimu, bali hupotea mapema, katika wiki ya kwanza, mikononi mwa watu wanaompenda.

Alinijia siku moja mama mmoja wa upande wa Kinango, ameshika mkebe wa biskuti ulioliwa na kutu, ambao ndani yake mlikuwa na risiti mbili za dawa zilizofifia wino, kadi ya hospitali iliyolowa ikakauka ikawa kama gome, na picha ya eksirei iliyokunjwa mara nne. Mumewe alikuwa amegongwa na lori akitoka kisimani na punda, na tangu siku hiyo hakuweza tena kuinua jembe. Nilimuuliza namba ya lori. Akasema namba ilikuwapo: mwanawe, aliyekuwa akisoma darasa la sita, alilikimbilia lori akaisoma, akarudi mbio akaiandika kwa mkaa ukutani jikoni, ila ilipokaribia Idi waliukandika ukuta upya, na namba ikafunikwa na udongo. Nikamuuliza ni lini. Akahesabu kwa vidole mavuno aliyovuna tangu hapo, akafika manne. Mtoto yule alifanya kazi ya maana kuliko watu wazima wote waliokusanyika barabarani siku hiyo, na kilichopungua kilikuwa ni kipande cha karatasi na mtu mmoja wa kumwambia mama kwamba muda unakwenda.

Kabla sijafika kwenye karatasi, niseme kidogo juu ya hatari zenyewe, kwa kuwa heri mtu asiyehitaji kudai fidia kuliko aliyeipata. Barabara kubwa itokayo Likoni hadi Lunga Lunga, na zile za vumbi ziingiazo bara kuelekea Kinango na Samburu, zimebadilika kwa kuja kwa pikipiki. Boda boda imetufaa sana, imepeleka wazazi hospitalini usiku na watoto shuleni mvua ikinyesha, na sitaki kuisema vibaya. Lakini mshikaki, yaani abiria wawili au watatu juu ya kiti kimoja, ni jambo ambalo sheria ya barabarani imelikataza waziwazi, kama ilivyomlazimu mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na koti la kumulika. Msomaji asidhani kuwa hilo ni la kuwaogopa polisi tu. Siku ya madai, mtetezi wa upande wa pili atauliza kama majeruhi alivaa helmeti, na walikuwa wangapi juu ya pikipiki, na hakimu akiona kuwa majeruhi naye alichangia madhara yake, hugawa taksiri baina yao, na fungu la majeruhi hukatwa katika fidia. Nao kina mama na dada zetu nawasihi wafunge ncha za leso na kukusanya buibui mapajani kabla pikipiki haijaondoka, maana nguo inayopepea huvutwa na mnyororo au tairi kwa nguvu isiyompa mtu nafasi ya kupiga ukelele, na mtoto aliye mgongoni huanguka pamoja na mama yake.

Mwenye pikipiki naye ana neno lake. Bima ya kuwakinga wengine ni faradhi ya sheria kwa kila chombo cha moto kitembeacho barabarani, lakini bima ya pikipiki ya matumizi ya nyumbani si sawa na bima ya pikipiki ibebayo abiria kwa nauli, na wako vijana wengi waliochukua ile ya kwanza kwa kuwa ni rahisi, wakidhani wamejikinga. Ajali itokeapo, kampuni hupata mlango wa kubishana, na kijana hujikuta amesimama peke yake mbele ya deni ambalo pikipiki yake, hata ikiuzwa, haiwezi kulilipa.

Baada ya barabara, shamba. Mkwezi na mgema hupanda minazi mirefu kwa nyayo na mikono mitupu, na mikato ya shina, ikiisha kuota ukungu wa masika, huteleza kama sabuni. Basi asipande mtu mnazi uliolowa, wala asiwaache watoto wacheze chini yake akiwa juu. Matimbo yaliyochimbwa mawe ya kujengea yakaachwa wazi hujaa maji ya mvua, na maji yale ya kijani, yaliyotulia, huwaita watoto wasiojua kuogelea. Mwenye ardhi anayo dhima kwa watu waingiao kwake, na mzee wa mtaa afanya wema mkubwa akimwandikia barua aweke ua, na kuweka nakala ya barua hiyo. Na nyumbani nako, aliyeungua kwa mafuta ya taa au uji wa moto amwagiwe maji safi yapitayo, kwa muda wa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala unga.

Nyoka anastahili maneno zaidi. Moma hulala njiani jioni na haondoki mtu apitapo, na koboko huingia hata kwenye mapaa ya makuti. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe sumu, wala asikazwe kamba. Avuliwe pete na bangili kabla mkono haujavimba, alazwe atulie, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitalini kwa chombo cha kwanza kipatikanacho. Na kwa kuwa si kila zahanati inayo dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, ni busara mzee wa kijiji aende mapema, kabla ya masika, aulize iko wapi iliyo karibu, watu wajue pa kukimbilia bila ya kupoteza saa mbili mahali isipokuwapo.

Walio kando ya Shimba Hills wanawajua ndovu kuliko niwezavyo kuwaeleza. Nitasema tu kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama kama huyo, na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na kwamba madai hupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na kamati yake ya kaunti. Malipo hukawia, wakati mwingine miaka. Lakini aliyekosa kuripoti hangoji chochote.

Sasa ajali imekwisha kutokea. La kwanza ni uhai. Namba za dharura ni 999 na 112, na pasipokuwa na gari la wagonjwa, lolote lililo karibu litumike, ila aliyeumia shingo au uti wa mgongo asiinuliwe kwa kushikwa makwapani na miguuni kama gunia, bali alazwe juu ya ubao au mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kuwa hapana mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Basi mlango wa hospitali ukizuiwa kwa kudaiwa amana kwanza, itajwe Katiba kwa sauti ya adabu na ya kusikika, na majeruhi aingizwe.

Wakati majeruhi anapochukuliwa, abaki mtu mmoja, na mtu huyo ndiye nimtakaye ayasome makala haya mara mbili. Kazi yake si kulia wala kumpiga dereva. Dereva akipigwa hukimbia, na akikimbia huondoka na jina lake. Tena aliyempiga huwa naye amejitia katika jinai. Mtu huyo aandike namba ya gari, rangi yake, jina la dereva na namba yake ya simu, na maneno yote yaliyo kwenye karatasi ya bima, hasa jina la kampuni na namba ya hati. Akiwa na simu ya kupiga picha, aipige picha karatasi hiyo, na gari lilivyosimama, na alama za tairi barabarani kabla ya kusogezwa chochote. Kisha awaendee walioona kwa macho yao, si waliofika baadaye wakahadithiwa, achukue majina na simu za watu wawili au watatu. Shahidi mmoja muuza maembe aliyekuwa kibandani mwake ni bora kuliko umati wa watu hamsini waliokuja kutazama.

Siku hiyo hiyo, au ya pili yake, jambo lifikishwe kituo cha polisi. Sheria humtaka dereva asimame na kuripoti ajali iliyoumiza mtu ndani ya saa 24, lakini majeruhi asitegemee uaminifu wa dereva; jamaa wa majeruhi nao waende, wahakikishe habari imeandikwa katika kitabu cha matukio, na wasiondoke bila ya namba ya OB. Hiyo ndiyo mbegu ya karatasi zote zitakazofuata. Polisi hutoa fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, na baadaye abstrakti ya polisi, ambamo huandikwa gari, mwenyewe, bima na majeruhi. Abstrakti isomwe hapo hapo mezani, herufi kwa herufi. Nimeona madai ya mzee mmoja yakisumbuka miezi minane kwa kuwa jina lake lilikosewa herufi moja, na kampuni ya bima ikasema yule aliye kwenye abstrakti siye aliye kwenye kitambulisho.

Hospitalini nako, kila karatasi ni mali: kadi ya kulazwa na kuruhusiwa, picha za eksirei, risiti za dawa, za nauli, za magongo. Madhara ya mwili hupimwa na daktari, lakini gharama zilizotumika hukubaliwa kwa risiti, na hapana hakimu atakayelipa kauli ya kwamba tulitumia pesa nyingi sana. Wekeni vyote katika mkebe mmoja wenye kifuniko, mbali na panya na makuti yanayovuja, na mumpe nakala jamaa aliyeko mjini.

Nafika sasa mahali ambapo nimeumia roho zaidi. Siku ya nne au ya tano, majeruhi angali na bandeji, huja ujumbe: mwenye gari, au nduguye, pamoja na mtu mmoja wa heshima wa kijijini, na kilo kumi za mchele na sukari. Hukaa chini ya mwembe, husema maneno matamu juu ya udugu na ujirani, hutoa shilingi elfu kumi au ishirini, na kabla ya kuondoka hutoa karatasi iliyochapwa, ambayo majeruhi huombwa aitie dole gumba ili, wasema wao, iwe kumbukumbu ya kuwa tumesaidiana. Yaliyomo katika karatasi ile ni kwamba majeruhi amepokea malipo yote na hatadai tena abadan. Sisemi kuwa suluhu ni mbaya. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, imezitaka mahakama zihimize upatanisho. Nasema suluhu ina wakati wake, na wakati huo si kabla daktari hajasema mguu utapona au hautapona. Mchele upokewe kwa shukurani, pesa za dawa zipokewe na kuandikwa kuwa ni za dawa, na karatasi irudishwe bila ya dole wala saini hadi isomwe na mtu anayeijua sheria na asiyekuwa jamaa wa yeyote kati yao. Mwenye kuja kwa wema wa kweli hatakasirika.

Juu ya muda, msomaji ashike haya. Madai ya majeraha yaliyotokana na uzembe wa mtu binafsi hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Na aliyeumizwa na gari la Serikali au mtumishi wake kazini, muda wake ni miezi 12 tu, na wengi hupotea hapo kwa kudhani nao wana miaka mitatu. Mtoto hudai kwa kupitia mzazi au mlezi wake, na mzazi asingoje mtoto akue. Wakili akifungua kesi, aulizwe kama ameipa kampuni ya bima notisi yake kwa wakati, kwa sababu pasipo notisi kampuni huweza kuikataa hukumu. Na ifahamike kuwa bima hiyo ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja, yanayozidi humrudia mwenye gari.

Aliyeumia kazini, shambani kwa tajiri au timboni, njia yake ni nyingine. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019, humwelekeza kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Amjulishe mwajiri mara moja, na kwa maandishi ikiwezekana. Mwajiri naye ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi, na madai yenyewe yaletwe ndani ya miezi 12. Hapa mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kuwa tajiri alizembea. Yatosha kuwa alikuwa mwajiriwa na aliumia katika kazi. Aliyelemaa kabisa kwa maisha hustahiki kiasi cha mapato ya miezi 96. Shida yetu ni kwamba vibarua wetu huajiriwa kwa mdomo na kulipwa mkononi jua likitua, hata siku ya msiba tajiri akasema simjui mtu huyu. Kwa hivyo kibarua aandike katika daftari lake siku alizofanya kazi, na kwa nani, na kiasi alicholipwa. Na akilipwa kwa simu, ujumbe wa malipo asiufute.

Akifa mtu, huulizwa sana kama shauri lipelekwe kwa Kadhi. Kadhi, kwa Waislamu, huhukumu ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Hahukumu madai ya ajali. Lakini mwenye kudai kwa niaba ya mali ya marehemu hana budi kuwa na hati ya usimamizi wa mirathi, na hapo ndipo njia ya kwa Kadhi na njia ya mahakama nyingine hukutana. Sheria ya ajali za mauti huwatazama mke, mume, wazazi na watoto. Ndugu wa tumbo moja hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyewalisha. Niliseme hili bayana, kwa kuwa nimeona ndugu wakimzuia mjane asiende kwa wakili wakihofia kuachwa nje ya fungu ambalo sheria haikuwapa.

Na wakili apatikane vipi? Kwanza, asiwe yule aliyekufuata. Wako madalali wa ajali, mabroka kama waitwavyo, ambao hufika wodini kabla ya shangazi wa majeruhi, wanajua jina lake na namba ya kitanda chake, na huomba saini na abstrakti kwa ahadi ya pesa za haraka. Kutafuta wateja kwa namna hiyo kumekatazwa na sheria ya mawakili, kama yalivyokataliwa mapatano ya kwamba wakili atalipwa tu iwapo kesi itashinda, na wakili aanzaye kwa kuvunja sheria ya kazi yake hatakuwa mwaminifu siku fidia itakapoingia katika akaunti yake. Asiye na uwezo asikate tamaa. Ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya wasiojiweza. Kipo Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, na FIDA kwa wanawake, vyote viwili vikiwa na ofisi Mombasa. Na katika masjala ya mahakama mtu aweza kuuliza namna ya kuomba afungue kesi kama fukara bila ya kulipa ada. Aulize pia kama dai lake, likiwa halizidi shilingi milioni 1, lafaa kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu aweza kusimama mwenyewe na kueleza shauri lake.

Akimpata wakili, makubaliano ya malipo yawe kwa maandishi, kila shilingi itolewayo iwe na risiti, na karatasi za asili zisiachwe ofisini bila ya kubaki na nakala na saini ya aliyezipokea. Fidia ikilipwa, adai hesabu iliyoandikwa: kiasi gani kilitoka bima, kiasi gani ni ada, kiasi gani chake, na akinyimwa, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Aende na mtu wake mmoja ajuaye kusoma, asiende na kumi, kwani kumi husema pamoja na wakili hasikii. Na siku hiyo ya kwanza achukue mkebe wote kama ulivyo, asichague karatasi akiwa nyumbani, maana ile anayoiona haina maana, iliyochanika pembe na kuchafuka mafuta ya taa, huenda ndiyo yenye muhuri na tarehe ambayo wakili ataiuliza kwanza.